Msomaji wa Odalys

"Soma tena hapo kwangu," Odalys alisema, mswaki ukiwa mdomoni.

"Sisomi. Hili jarida nalitupa."

"Garrett, soma!"

Garrett Lindqvist akashusha pumzi. Alisimama katikati ya jiko lao dogo la Burbank, akasoma kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa kwa nguvu.

"'Kati ya waigizaji vijana wanaochipukia, nafasi ya tisa, Odalys Prieto. Kipaji anacho, ila mpaka leo tunamkumbuka zaidi kwa namna anavyokufa.'"

Odalys akacheka mpaka povu la dawa ya meno likarukia fulana. Kusema kweli hawakumsingizia. Tangu atoke kwao Hialeah, Florida, aje Los Angeles kutafuta jina kwenye uigizaji, alishakufa kwa homa, kwa risasi na kwa ajali ya boti, na safari moja aliliwa na papa kabla watazamaji hawajajua anaitwa nani. Kila tamthilia ikihitaji msichana wa kuliliwa, anapigiwa simu yeye.

"Na wewe wa ngapi?"

Garrett akaanza kulikunja jarida.

"We bwana, si nakuuliza?"

"Wa pili."

"Lete hapa!"

Akamnyang'anya. Kwa Garrett jarida lilimwaga sifa: kijana wa Duluth aliyeanza na tangazo la juisi, akawa mtoto mkorofi wa sherifu kwenye tamthilia, na sasa filamu kubwa zinapishana mlangoni kwake. Chini wakaweka picha ya wote wawili na swali: je, penzi litadumu, mmoja akiwa anapaa na mwenzake anatambaa?

Mji huu una ugonjwa wake, jamani. Vijana wawili wakiinuka pamoja, lazima wasimamishwe ukutani wapimwe urefu.

"Na wewe unaona natambaa?" Odalys aliuliza. Safari hii hakucheka.

"Nisikilize. Mimi nikiingia mahali watu wanaangalia hii taya niliyorithi kwa babu yangu. Wewe ukiingia, watu wanasahau walikuwa wanaongea nini. Hao wanahesabu mabango, hawajui kuhesabu kitu kingine."

Garrett hakuwa mtu wa kupaka mafuta. Alisema kama anavyosema leo kuna jua, na hilo ndilo lililokuwa likimmaliza Odalys kila siku.

Simu ikaita. Alikuwa Lowell, wakala anayemtafutia Odalys kazi.

"Umekaa?"

"Nimesimama, nina mswaki mkononi."

"Basi kaa. Ile filamu ya mke na mume wanaozima moto wa misitu, ile ambayo Garrett ndiye mume. Umeingia kwenye watatu wa mwisho wa nafasi ya mke. Alhamisi unasoma na Garrett mbele ya watayarishaji."

"Lowell, huyo mke anakufa saa ngapi?"

"Hafi."

"Hafi kivipi?"

"Nyumba inaungua, gari linaungua, mlima mzima unaungua. Yeye yupo! Picha ya mwisho kabisa ni uso wake."

Odalys akakaa sakafuni pale pale, akalia. Garrett naye akakaa kando yake, akaanza kulia bila hata kujua kilichotokea.

"Wewe unalilia nini?"

"Sijui. Nimeona wewe umeanza."

*

Alhamisi walifika studio za Culver City kwa magari mawili tofauti. Odalys ndiye aliyetaka hivyo.

"Sitaki mtu aseme nimebebwa," alimwambia. "Mle ndani hunijui."

"Sikujui kabisa, dada. Unaitwa nani?"

"Pumbavu," akambusu.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mwigizaji aliyeshapatikana anakaa ndani, wanaogombea nafasi ya mwenzake wanaingia mmoja mmoja, na wote wanacheza naye kipande kile kile. Wakubwa wanaangalia moto unawaka kwa nani. Kipande chenyewe kilikuwa kizito: mume anarudi na kumkuta mkewe amekaa kwenye majivu ya nyumba yao, anataka waondoke, mke hataki kunyanyuka.

Odalys alikaa kwenye korido akisubiri zamu yake. Ndani alikuwepo msichana mmoja mrefu aitwaye Sloane. Ghafla sauti ya Garrett ikapenya ukutani.

"Nyanyuka! Nyumba imeisha! Mimi bado nipo!"

Nywele zilimsimama Odalys. Mungu wangu, aliwaza, huyu mwanaume anajua. Alijikuta anamwonea fahari hata akiwa anamsaidia mpinzani wake.

Kisha ikafika zamu yake.

Nyuma ya meza alikaa Bi Bernadette Oyler, mama mwenye mvi fupi ambaye kazi yake ni kuchagua waigizaji na ambaye hajawahi kuonekana akitabasamu kabla ya chakula cha mchana. Akainua kidole. Anzeni.

"Nyanyuka," Garrett alisema.

Alisema taratibu, kwa upole, bila kitu ndani yake. Odalys akasubiri moto uje. Haukuja.

"Nyumba imeisha. Mimi bado nipo," Garrett akaendelea, kama mtu anayemsomea mgonjwa maelezo ya dawa.

Odalys alipambana peke yake. Alilia, akapiga ngumi sakafu, akasema maneno yake yote kwa ukamilifu, lakini alikuwa kama anacheza tenisi na ukuta wa sponji. Walipomaliza, Bi Bernadette akaandika kitu kifupi.

"Asante, Odalys."

Neno hilo ukiambiwa kwa sauti ile, unajua unaenda nyumbani.

*

Garrett alimkuta kwenye maegesho ya magari.

"Umecheza vizuri, mpenzi. Ulikuwa..."

"Usiniguse!"

"Nini tena?"

"Kwa Sloane umepiga kelele mpaka ukuta unatetemeka. Kwangu umekuwa uji wa mgonjwa! Umenibania, Garrett."

"Nimekubania? Mimi?"

"Uliona mle ndani nitakufikia, ukaogopa. Wa pili hataki kuona wa tisa anapanda!"

"Odalys, naapa, sikufanya chochote!"

"Ndiyo, hukufanya chochote! Hilo ndilo ninalokuambia!"

Uso wa Garrett ulikuwa wa mtu anayetafuta funguo mfukoni na hazioni. Odalys aliuona uso ule, na kwa hasira zake akausoma kama uso wa mtu aliyeumbuka. Akaingia kwenye gari na kuondoka. Usiku huo alilala kwa rafiki yake anayeishi Glendale, kwenye kochi.

Meseji zikaanza kuingia.

"Naomba tuongee."

"Sijui nilifanya nini lakini nitajua."

"Umekula?"

Hiyo ya mwisho nusura imlegeze. Akageuza simu kifudifudi.

*

Asubuhi Lowell alipiga. Sauti yake ilikuwa ya msibani.

"Inaonekana wanaelekea kwa Sloane. Wamesema wewe ni mzuri sana, ila kati yako na Garrett hakuna moto."

"Hakuna moto! Lowell, naishi naye!"

"Najua, mama. Pole. Kuna kazi nyingine, tamthilia ya hospitali. Nitumie video zako za zamani za usaili, wazione leo."

"Nakufa?"

Lowell akakohoa. "Sehemu ya pili."

Odalys akafungua kompyuta, akaanza kuchagua video moja baada ya nyingine. Ikaingia simu ya mama yake kutoka Hialeah, akaiweka kwenye spika huku video zikiendelea.

"Mwanangu, saluni nzima wanasoma lile jarida. Binti wa jirani yetu Caridad anauza nyumba na hajawahi kuliwa na papa. Nimewaambia wote, subirini."

"Mama, nafasi nimekosa. Na Garrett nimemwacha."

"Umemwacha! Kafanya nini?"

Akamsimulia yote, akilia. Mama akasikiliza mpaka mwisho. Nyuma ya kilio, video ilikuwa bado inacheza.

"Odalys, huyo ni nani anayeongea hapo? Huyo anayesoma kama anasoma bili ya umeme?"

"Ni Garrett. Hiyo ni video ya usaili, tulirekodi nyumbani. Mimi niko mbele ya kamera, yeye yuko nyuma ananisomea maneno ya mtu wa pili."

"Huyo Garrett? Mbona kwenye televisheni ananguruma?"

"Hapo anajipunguza, mama. Ni heshima ya msomaji. Ukimsomea mwenzako unajishusha, huongezi chumvi yoyote, ili anayeangalia amwone yeye tu. Wengine hawawezi, wanataka na wao wasikike. Garrett ndiye msomaji bora niliyewahi kumpata, kila kazi niliyopata alinisomea yeye, anajishusha mpaka unasahau kama..."

Akageuka kuiangalia kompyuta.

"Unasahau kama nini? Haloo? Odalys?"

Aliirudisha video nyuma. Akafungua nyingine, na nyingine. Kazi ya homa, kazi ya boti, kazi ya papa. Kwenye zote ilikuwa sauti ile ile, ya chini, ya upole, iliyokaa pembeni ikimwachia yeye uwanja wote. Sauti ile ile ya Alhamisi.

Hakuwa amembania. Alipomwona yeye anaingia mle ndani, mwili wake ulifanya ulichozoea kufanya nyumbani. Alisogea nyuma ya kamera, wakati kamera ilikuwa inawaangalia wote wawili.

"Mama, mimi ni mjinga."

"Hilo unalitoa kwa baba yako. Mpigie mtoto wa watu!"

Akampigia. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, wapi! Alipokuwa anatafuta viatu, simu ikaita yenyewe. Namba ngeni.

"Odalys? Ni Bernadette Oyler. Kijana wako amekaa ofisini kwangu tangu sijafungua mlango."

"Garrett? Anafanya nini huko?"

"Anajishtaki. Anasema Alhamisi alikusomea badala ya kucheza nawe. Amemwambia mtayarishaji usoni kwamba kosa ni lake, na kwamba wakimchagua mtu mwingine kwa kosa hilo, na yeye hasaini mkataba. Nimemuuliza kama anajua kazi kama hii haiji mara mbili. Anajua. Nimefanya kazi hii tangu nywele zikiwa nyeusi, sijawahi kuona mwigizaji anakuja kuniomba nimpe mtu mwingine nafasi ya kumfunika." Akatulia kidogo. "Una dakika ngapi kufika hapa?"

"Nimeshafika," Odalys alisema, akikimbia ngazi na kiatu kimoja mkononi.

*

Walikutana mlangoni mwa chumba kile kile. Garrett macho yalikuwa mekundu.

"Nilikaa nafikiria mpaka nikaelewa," alisema. "Odalys, nilikuwa sijui kama..."

"Najua. Nimezisikia video zote. Nisamehe kwa yale maneno ya maegesho."

"Nilidhani nakusaidia. Hata kudhani sikudhani."

Odalys akamshika shati kifuani. "Sikiliza, wewe mtoto wa Duluth. Mle ndani sitaki msaada. Njoo na kila ulichonacho. Nikianguka, nimeanguka mwenyewe."

"Na usipoanguka?"

"Utaanguka wewe."

Wakaingia. Bi Bernadette akainua kidole.

"Nyanyuka!"

Sauti ilimpiga Odalys kifuani. Garrett alikuja mzima mzima, na hasira, na woga, na mapenzi, mpaka mtayarishaji mmoja akasogeza kiti nyuma. "Nyumba imeisha! Mimi bado nipo!"

Odalys hakulia safari hii, wala hakupiga sakafu. Alimwinulia macho tu, akamwacha aungue mbele yake, kisha akasema maneno yake ya mwisho taratibu, kama anayaokota kwenye majivu.

"Ulipokuwa huko unazima nyumba za watu, mimi niliishika hii kwa mikono. Sasa niombe ninyanyuke. Usiniamuru. Niombe."

Garrett akapiga magoti. Kwenye skripti hapakuandikwa magoti.

Bi Bernadette alisahau kusema asante, alikuwa anatafuta kitambaa kwenye mkoba, na chakula cha mchana kilikuwa bado kabisa.

Lowell alipiga siku iliyofuata. Hakuweza kuongea, alikuwa anapiga mayowe ya furaha tu.

*

Filamu ilipotoka, lile jarida lilipanga upya vijana wake, na Odalys hakulinunua. Asubuhi hiyo alikuwa kwenye ofisi ya serikali ya Van Nuys, amevaa gauni jeupe la mama yake lililopunguzwa kiunoni, akisubiri kufunga ndoa.

"Mwandishi mmoja yuko nje," mama alinong'ona. "Anauliza kati yenu nani zaidi. Nimemwambia akamuulize yule papa."

Mfungishaji ndoa alikuwa mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia puani. Alisoma viapo kwa sauti bapa, bila chumvi, neno baada ya neno. Maharusi wakatazamana, wakauma midomo wasicheke. Walikuwa wanamjua msomaji mzuri wakimsikia.

"Garrett Lindqvist, unamkubali Odalys kuwa mke wako?"

"Ndiyo," Garrett akasema, na sauti ikatoka ndogo, ya chini, ya pembeni.

Odalys akakunja uso. "Garrett, hapa hunisomei."

Garrett akavuta pumzi mpaka vifungo vikalalamika.

"NDIYO! NAMKUBALI!"

Kwenye korido, watu waliokuja kuchukua leseni za mbwa wakapiga makofi. Mfungishaji akarudisha miwani mahali pake, akamgeukia bibi harusi.

"Na wewe, Odalys Prieto?"

Odalys akafuta machozi kwa kiganja, akatabasamu, akajibu kwa sauti iliyoizidi ya mumewe.