Watazamaji wa Jukwaa la Juu

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijapata nguvu ya kuutimua ukungu, Njiti alikuwa wa kwanza kuingia Bakuli. Bakuli ndilo jina ambalo watu walikipa kiwanja cha mbio za baiskeli cha mji ule, kwa sababu njia yake ya saruji ilizunguka na kuinuka pande zote kama kingo za bakuli. Njiti aliifagia njia hiyo kwa makini. Kijiwe kidogo kama punje ya mchele kingeweza kumwangusha mtu, maana baiskeli za pale hazikuwa na breki, na ukitaka kupumzika, pedali ziliendelea kukuzungusha miguu upende usipende.

Njiti alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwembamba kama jina lake la utani, na hamu yake ilikuwa moja tu. Mwakani angetimiza miaka kumi na mitatu, na shangazi yake, ambaye ndiye aliyekuwa kocha wa klabu, angemruhusu kupanda kona za juu kwa mara ya kwanza. Alikuwa akiihesabu miezi kwa vidole.

Lakini hakuna aliyekuja kutazama. Jukwaa lilikuwa na safu kumi za mabenchi, na safu zote zilikaa tupu wiki nenda wiki rudi. Baiskeli zilipopita, mvumo wa magurudumu uligonga mabenchi yale na kurudi umechelewa kidogo, kana kwamba kulikuwa na baiskeli nyingine zinazofuata nyuma, zisizoonekana. Njiti hakuupenda mwangwi ule hata kidogo. Akiwa peke yake na ufagio aliimba kwa sauti, si kwa furaha bali kwa woga.

Siku moja shangazi alirudi kutoka kwa afisa michezo wa mji akiwa amekunja uso.

"Wanasema uwanja usio na watazamaji ni uwanja wa bure," aliiambia klabu. "Afisa atakuwa akipita barabarani kila Jumamosi kuangalia. Jumamosi ya tatu ataingia kutazama mashindano. Asipoona watu jukwaani, Bakuli litakuwa maegesho ya malori."

Njiti aligeuka kuitazama njia. Malori yangeegeshwa kwenye kona zake, kabla hata hajazipanda!

Shangazi aligawa kazi. Njiti na binamu yake walipewa bunda la matangazo. Binamu huyo aliitwa Redio, kwa kuwa tangu ajifunze kusema hajawahi kuzimwa.

"Mpite nyumba kwa nyumba," shangazi aliwaambia. "Msibandike tu na kukimbia. Waelezeni watu mbio zinavyokwenda, maana mtu hapendi asichokielewa."

Walianzia kwa kinyozi. Kinyozi alisoma tangazo, akacheka hadi mashine ikamtetemeka mkononi.

"Wanazunguka, wanazunguka, halafu wanarudi palepale walipoanzia? Mbona mbuzi wangu akifungwa kamba anafanya hivyohivyo, tena bure!"

Wateja wote waliangua kicheko. Nyumba ya pili walifungiwa mlango. Nyumba ya tatu walifunguliwa mbwa. Njiti alirudi nyumbani akiwa na aibu usoni na shimo kwenye sketi, akayasukuma matangazo yote chini ya godoro.

"Tutamwambia nini shangazi?" Redio aliuliza.

"Tutamwambia watu watakuja," Njiti alijibu. Na watu, kwa namna fulani, walikuja.

Chini ya jukwaa kulikuwa na stoo yenye magunia ya zamani ya nyasi kavu, yale yanayopangwa kandokando ya njia ili anayeanguka asivunjike. Kulikuwa pia na jezi zilizochakaa na kofia za kila aina. Jumamosi ya kwanza, ukungu ukiwa bado mzito, Njiti na Redio waliyavalisha magunia ishirini na manne, wakayaketisha kwenye safu za juu kabisa, kule chini ya paa ambako mwanga haufiki vizuri.

Walipomaliza waliteremka na kutazama juu. Redio alinyamaza, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Watu ishirini na wanne wasio na nyuso walikuwa wamekaa bega kwa bega, wakiwatazama.

"Sijapenda," alinong'ona.

"Wewe tazama chini, ufagie," Njiti alimwambia, ingawa na yeye ngozi ilimsisimka.

Hila ilifaulu. Gari la afisa lilipita polepole nje ya geti, mkono ukapungwa dirishani. Shangazi, aliyekuwa upande wa pili na macho yake kwenye saa ya kupimia mbio, alifurahi kama aliyeokota almasi.

"Leo tuna watu! Njiti, hebu waambie washuke chini waone vizuri."

"Wanapenda hukohuko juu, shangazi," Njiti alisema, akaendelea kufagia.

Jumamosi ya pili waliyapanga tena. Mazoezi yakaanza, na Njiti akiwa katikati ya uwanja aliinua macho kuyahesabu, kwa sababu mwenye uongo hawezi kuacha kuukagua. Ishirini na tatu. Ishirini na nne. Ishirini na tano.

Alihesabu upya, kuanzia upande mwingine. Ishirini na tano.

Upepo ulipita, mikono mitupu ya jezi ikapepea. Baiskeli ziliingia kona ya mwisho zikivuma, na pale juu, mmoja wa wale waliokaa aligeuza kichwa taratibu kuzifuata. Kisha akapiga makofi. Makofi matatu tu, makavu, kutoka gizani.

Ufagio ulimwanguka Njiti. Hakupanda jukwaani mpaka kila mtu alipoondoka, na hata hapo alimshika Redio mkono kwa nguvu. Walihesabu gunia moja moja. Yalikuwa ishirini na manne. Lakini gunia la mwisho lilikuwa limefungwa shali mabegani, shali zuri la sufu, limekazwa vizuri kama mama anavyomfunga mtoto asipigwe na baridi. Juu ya paja lake kulikuwa na peremende moja.

"Mimi sikuweka," alisema Redio. Midomo ilikuwa imempauka.

"Na mimi sikuweka."

Siku zile saba Njiti hakulala vizuri. Alitaka kumwambia shangazi, lakini angeanzia wapi? Angelieleza lile shali, ingembidi kwanza ayaeleze magunia. Na kuyaeleza magunia, ingembidi aeleze yaliyo chini ya godoro. Uongo ni kama nyuzi za sweta, ukivuta uzi mmoja, sweta yote inafumuka. Akafunga mdomo, na siku ilipofika wakayapanga tena magunia.

Jumamosi ya tatu afisa michezo aliingia, amevaa suti, akaketi safu ya mbele pamoja na wazazi wachache wa wapanda baiskeli. Aligeuka akatazama juu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mashindano yakaanza. Ilifika zamu ya mbio za wawili wawili, zile ambazo wapinzani huanza polepole mno, kila mmoja akimvizia mwenzake, karibu wasimame kabisa kwenye kona. Uwanja mzima ulikuwa kimya.

Katika ukimya ule, sauti ilitoka kwenye magunia.

"Jamani, nisaidieni."

Njiti aliganda. Redio, aliyekuwa kando yake, alikodoa macho mbele. "Sijasikia kitu," alisema. "Na wewe hujasikia."

"Wenzangu, nishikeni mkono tu," sauti iliendelea, dhaifu, yenye kukwaruza. "Naumia."

Safari hii kila mtu alisikia. Afisa alisimama. Shangazi aliinua macho kutoka kwenye saa yake. Pale juu watu walikaa wametulia, wakitazama mbele, hakuna hata mmoja aliyeinama.

"Mbona hawa waliokaa naye hawamsaidii?" afisa aliuliza. "Ni watu wa namna gani hawa?"

Njiti alizitazama ngazi. Akinyamaza, mtu mwingine angepanda, na labda hila ingejulikana, labda isingejulikana. Lakini ile sauti ilikuwa ya mtu, tena mtu anayeumia, na miguu yake ikaanza kukimbia kabla hajaamua. Alipanda ngazi mbili mbili.

"Hawawezi kumsaidia, mzee!" alipaza sauti bila kugeuka, na machozi yakamtoka. "Si watu! Ni magunia! Niliyaweka mimi!"

Katikati ya magunia alimkuta bibi kizee mdogo, ameanguka, mguu umenasa kati ya mbao mbili za benchi. Macho yake yalikuwa na ukungu mweupe. Mkono wake mmoja ulikuwa umeishika jezi ya gunia la jirani, ukilivuta na kulivuta.

"Shikamoo, bibi."

Bibi alishtuka, kisha uso ukamkunjuka. "Marahaba, mjukuu wangu. Afadhali wewe una mdomo. Leo ni wiki ya pili nakaa na watu hawa. Nawasalimu, kimya. Nampa mmoja peremende, hasemi hata asante. Huyu wa pembeni nikamgusa, nikamwona baridi, nikamfunga shali langu, bado ananuna. Nikasema moyoni, hapa wanatazama mbio watu wenye kiburi."

Shangazi na afisa walifika wakihema. Waliulegeza ubao, wakamtoa. Kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba, lakini hakikuvunjika. Njiti alieleza yote palepale: kinyozi, mbwa, godoro, magunia. Redio, kwa mara ya pili maishani, hakuongeza neno.

Ilijulikana kuwa bibi alikuwa fundi cherehani, na kazi ya miaka mingi pamoja na uzee vilikuwa vimemfifisha macho. Marehemu mume wake alikuwa akishindana kwenye kiwanja kilekile. Bibi aliishi nyuma ya jukwaa, akisikia magurudumu kupitia ukutani, na siku ya Jumamosi ya pili jirani alimwambia kuwa jukwaa sasa lina watu. Ndipo alipopata moyo wa kuja, akipitia ngazi za nyuma.

"Nilikuwa naogopa kukaa peke yangu," alisema. "Kumbe nilikaa peke yangu."

Njiti aliinamisha kichwa. Maneno yale yalimuuma kuliko kofi.

Afisa alilivua gunia moja kofia, akalitazama kwa muda mrefu. "Nilikwishaandika kwenye ripoti yangu kwamba watu wanakuja," alisema kwa hasira. "Nikaifute niandike nini? Nyasi?"

"Andika mtu mmoja," bibi alidakia. "Mimi nimekuja. Na huyu mtoto angeweza kunyamaza, hakunyamaza."

Afisa alipumua kwa nguvu. "Nawapa mwezi mmoja. Nikirudi, nitamsalimu kila aliyekaa hapa. Asiyeitikia simhesabu."

Jioni ile Njiti aliyatoa matangazo chini ya godoro, akayanyoosha kwa kiganja. Kesho yake alienda kumjulia hali bibi, akamwomba jambo moja: amfundishe namna ya kuwaeleza watu. Bibi alichukua vigurudumu viwili vya uzi, akaviviringisha mezani.

"Wa mbele anakata upepo, anachoka. Wa nyuma anajificha mgongoni kwake, anatunza nguvu. Kwa hiyo hakuna anayetaka kutangulia, wanaviziana kama paka na panya. Ukijua hilo, hutapepesa macho."

Mguu ulipopona, walizunguka wote, bibi kamshika Njiti bega, Redio akibeba matangazo na, safari hii, akitumia mdomo wake kwa faida. Walianzia kwa kinyozi. Vigurudumu vya uzi vilikimbia kwenye meza yake, kati ya vitana na mafuta ya nywele, na wateja wakaanza kubishana ni kipi kitashinda. Kinyozi alisahau kumaliza kichwa cha mtu.

"Kumbe kuna akili ndani yake," alisema. "Sasa yule mbuzi wangu nimwombe radhi?"

Mwezi ulipoisha, ukungu ulilifunika Bakuli kama kawaida. Afisa alikuja, akaanza kusalimu kuanzia safu ya mbele, mtu mmoja mmoja. Kinyozi alikuwepo, pamoja na wateja wake na familia ya yule mwenye mbwa. Mwishowe afisa alipanda hadi safu za juu, kule chini ya paa. Njiti, akiwa chini, aliona vivuli vimekaa bega kwa bega, kimya, vikitazama mbele.

"Hamjambo?" afisa aliita gizani.

Kwa muda hapakuwa na sauti. Kisha safu nzima ikalipuka: "Hatujambo!" na katikati yao sauti ya bibi, kubwa kuliko zote, ikafuatwa na kicheko kilichozunguka uwanja mzima na kurudi. Njiti alicheka na kulia kwa pamoja.

Afisa aliteremka akifuta kitu kwenye daftari lake. "Malori yatafute kwingine," alisema.

Shangazi alimwekea Njiti mkono begani.

"Haba na haba hujaza kibaba, lakini lazima iwe nafaka kweli," alisema. "Mtu wa kumwalika anachosha, anacheka, anakufungia mlango. Gunia halisumbui. Ila siku ukianguka, gunia litakaa palepale likikutazama. Usiogope kazi ngumu hata ukaikimbilia hila, mwanangu."

"Nimesikia, shangazi."

"Haya, chukua ufagio. Kona za juu unazifagia vizuri leo, maana mwakani ni zako."