Ukungu wa Saa Sita Mchana

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alipitia studio ya shangazi yake kabla ya kwenda nyumbani. Studio ilikuwa chumba kimoja kilichobanwa kati ya duka la viatu na kinyozi. Ukutani kulikuwa na pazia jeupe la picha za pasipoti, na pazia jingine lililochorwa maporomoko ya maji, ambalo maharusi walilipenda ingawa rangi ya maji yake ilikuwa imeanza kubanduka. Kazi ya Chiriku ilikuwa kufagia, kuwapa wateja kioo na kitana, na kuwachekesha watoto wachanga waliokataa kutazama kamera. Hiyo ya mwisho aliiweza sana. Jina lenyewe la Chiriku alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Alasiri moja aliingia mbio, begi la shule likimgonga mgongoni.

"Shikamoo, Shangazi. Klabu yetu ya picha itafanya maonyesho kwenye ukumbi wa maktaba. Ni picha za mandhari tu. Mwalimu anataka vilima, mito, mawingu, chochote cha nje. Mimi nitapanda kile kilima chenye mti mmoja, Jumamosi, na naomba kamera."

"Marahaba. Vuta pumzi kwanza," alisema Shangazi, ambaye alikuwa akikata picha za pasipoti za fundi bomba mmoja. Alimaliza kukata, akafungua kabati. "Jumamosi nina harusi, kwa hiyo kamera kubwa naondoka nayo. Wewe utatumia hii ya zamani. Kioo chake cha nyuma kimefifia, juani huoni kitu, lakini picha inapiga vizuri."

Akapanga vitu mezani: kamera, lenzi fupi, stendi nyepesi ya miguu mitatu, betri ya akiba, mfuko wa plastiki na kitambaa laini.

"Hivi vinatosha. Lenzi hii fupi inachukua sehemu pana, inameza kilima chote pamoja na mawingu yake. Stendi itazuia kamera isitikisike. Mvua ikija, ifunike kwa plastiki. Na kitambaa hiki ni cha kufutia lenzi. Usifute kwa kitu kingine chochote."

Lakini macho ya Chiriku yalikuwa kwenye rafu ya juu, kwenye lenzi ndefu iliyonenepa kama chupa ya chai.

"Na ile je?"

"Ile ni ya kuvuta vitu vya mbali vinavyokimbia. Kilima hakikimbii."

"Lakini ukiwa na ile, watu wanajua kweli wewe ni mpiga picha."

"Huko juu nani atakuona? Mbuzi?" Shangazi alicheka. "Haya, mgongo ni wako. Ukitaka kubeba kabati zima, beba. Ila uvirudishe kama ulivyovikuta."

Chiriku alibeba kabati zima. Alichukua lenzi ndefu, taa ya flashi, mwavuli mweupe wa studio, na kizibao cha Shangazi chenye mifuko mingi. Stendi nyepesi aliiona kama ya mtoto, akaiacha, akachukua ile ya studio ambayo Shangazi mwenyewe huiburuta. Kitambaa laini kilionekana kama cha kupengea makamasi. Alikiacha mezani.

Jumamosi kulikuwa na baridi, na kabla ya kutoka alijipaka mafuta mengi usoni na mikononi ili ngozi isipauke. Aliyemsindikiza ni Twiga, msichana mrefu aliyekaa naye dawati moja. Walipanga kufika juu kabla ya jua kuchomoza. Jua lilichomoza wakiwa bado kwenye jiwe la kwanza la kupumzikia, na mawe ya kupumzikia yalikuwa mengi.

"Hii stendi imetengenezwa kwa chuma cha reli?" Twiga aliuliza, akiihamisha kutoka bega moja kwenda jingine.

"Ni ya kitaalamu."

"Mbona mtaalamu mwenyewe haibebi?"

Katikati ya safari Chiriku alitaka kujaribu mwavuli, akamwambia Twiga aushike wazi juu ya kichwa chake. Upepo uliunyakua mwavuli, na Twiga, ambaye hakuwa na akili ya kuuachia, akateremka nao mbio kwa hatua ambazo si zake, mpaka kichaka cha miiba kikawapokea wote wawili. Twiga alitoka na mikwaruzo. Mwavuli ulitoka umepinduka kama bakuli.

Walifika juu jua likiwa utosini. Chiriku alifunga lenzi ndefu, akachungulia, akaona sikio la ng'ombe. Akasogeza kamera kidogo, akaona sikio la pili. Kwa lenzi ile, kilima kizima kilikuwa hakionekani. Ilibidi afunge ile fupi, na alipoitazama aliona imeingia vumbi. Alipapasa mifuko yote ya kizibao akitafuta kitambaa, kisha akakumbuka alikokiacha. Basi akaifuta kwa kidole gumba, akizungusha, akizungusha, na kidole chenyewe kilikuwa kinang'aa mafuta.

"Hapo unafuta au unapaka?" Twiga aliuliza.

"Nafuta."

Akapiga picha ya mteremko, mti ule mmoja na bonde la mto chini yake. Kioo cha nyuma hakikuonyesha kitu kwenye jua lile kali. Wakafungasha, wakarudi nyumbani wakiwa wamenuniana.

Jumatatu, mwalimu wa jiografia, ambaye ndiye mlezi wa klabu, alizifungua picha za wanafunzi kwenye kompyuta. Alipofika kwenye ya Chiriku, mkono wake ulisimama. Bonde lote lilikuwa limefunikwa na weupe mwororo. Mti ulielea ndani yake kama kitu cha ndotoni.

"Chiriku," alisema polepole, "ukungu huu uliupata wapi?"

Chiriku alitazama, na mara moja akajua. Hapakuwa na ukungu. Kilikuwa kidole chake. Alifungua mdomo aseme hivyo, lakini Mwalimu alikuwa ameshageuka akiita wengine.

"Njooni mwone uvumilivu. Mwenzenu aliamka alfajiri, akapanda kilima gizani, akasubiri. Sivyo, Chiriku?"

Darasa zima lilimtazama kwa macho ambayo halijawahi kumtazama nayo.

"Ndiyo, Mwalimu," alisema. "Kulikuwa na baridi sana."

Baridi, angalau, ilikuwa kweli.

Picha ilisafishwa ikiwa kubwa kuliko zote, ikatiwa fremu na kutundikwa mkabala na mlango wa ukumbi. Chini yake Mwalimu alibandika kadi iliyoandikwa "Ukungu wa Alfajiri". Siku ya ufunguzi Chiriku alisimama kando yake akiwaeleza wageni, na kwa kuwa alikuwa Chiriku, maelezo yaliongezeka kila alipoyarudia. Kwa mgeni wa kwanza ukungu ulimfika magotini. Kwa waliofuata ulimfika kifuani. Kundi la akina mama lilipokuja, ukungu ulikuwa umemmeza Twiga mzima, ikabidi atafutwe kwa kupigiwa miluzi.

"Nilimezwa lini?" Twiga alinong'ona kutoka nyuma.

"Nyamaza, watu wanasikiliza."

Ndipo akaja mzee mmoja mwenye fimbo, ambaye mji mzima ulimwita Bwana Mvua. Kabla ya kustaafu alikuwa mpimaji wa hali ya hewa, na kituo chake kilikuwa juu ya kilima kile kile. Aliisogelea picha, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Shikamoo, babu," alisema Chiriku.

"Marahaba, mjukuu wangu. Ni wewe uliyepiga hii?" Hakungoja jibu. "Kilima hiki nimekipima tangu nikiwa kijana. Ukungu wake naujua. Hukaa chini, kwenye mto, haupandi kamwe. Huu wako umepanda mpaka kwenye mti."

"Ulipanda, babu," alisema Chiriku. "Taratibu."

"Upepo ulitoka wapi?"

Chiriku hakuwa na habari. "Kila upande."

"Kila upande," Bwana Mvua alirudia. "Kumbe maisha yangu yote nimewafundisha watu jambo lisilo kweli." Akatoa simu, akampigia mwenzake wa zamani palepale. "Ni mimi. Tulikosea kuhusu kile kilima. Ndiyo, unapanda. Kwa upepo wa kila upande. Mtoto ameupiga picha, ninaitazama hapa." Akakata simu, akamgeukia Chiriku, macho yakimeta kama ya kijana. "Kesho alfajiri ninapanda. Magoti yangu hayatapenda, lakini nitayalazimisha. Utanionyesha mahali uliposimama."

Chiriku aliyatazama magoti hayo. Moja lilikuwa limefungwa bendeji iliyotuna chini ya suruali. Alimwona mzee huyu gizani, na fimbo yake, kwenye mteremko ule ambako Twiga mwenye miguu mizima aliishia kwenye miiba. Alipoinua macho alimwona Shangazi, aliyekuwa ameingia kimya kimya kutoka kazini. Shangazi aliitazama picha ameinamisha kichwa upande, kama mtu anayesikia harufu ya chakula kinachoungua, kisha akamtazama Chiriku.

"Babu, usipande," alisema Chiriku.

"Kwa nini, mjukuu wangu?"

"Hakuna ukungu."

"Kesho hautakuwepo?"

"Hata siku ile haukuwepo." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini watu wa karibu waliacha kuzungumza. "Nilifuta lenzi kwa kidole chenye mafuta. Na haikuwa alfajiri, ilikuwa saa sita mchana. Tazama kivuli cha mti, kimelala palepale chini ya mti."

Bwana Mvua aliinama, akakitazama kivuli kwa muda mrefu.

"Kweli," alisema. "Ni kivuli cha saa sita." Akanyooka kwa shida. "Mafuta gani?"

"Ya kujipaka, babu. Nisamehe sana."

Mzee alitoa tena simu yake. "Ni mimi tena. Yale niliyokwambia, yaache. Hapana, si upepo. Ni kidole gumba."

Mtu mmoja alicheka, kisha ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata Bwana Mvua alicheka mpaka akashikilia ukuta. Chiriku alitamani ardhi ipasuke.

Mwalimu hakucheka. Alibandua kadi, akaishusha fremu.

"Picha inapendeza," alisema, "lakini nilikuuliza, nawe ukanijibu ndiyo."

"Niliogopa, Mwalimu. Ulikuwa umeshanisifia."

"Niliharakisha, na hilo ni kosa langu. Kunyamaza mpaka leo ni lako. Nafasi hii itabaki wazi. Maonyesho yataendelea mpaka Jumapili ijayo. Ukileta picha ya kweli, nitaitundika."

Jioni ile Chiriku alimwomba Shangazi msamaha, na kwa kuwa alikuwa ameshaanza kusema kweli, alimweleza pia habari za mwavuli. Shangazi alimfanya aunyooshe mwenyewe, waya mmoja mmoja, akiwa amekaa chini ya maporomoko ya maji yaliyobanduka. Na wiki nzima msumari mtupu ulibaki ukutani mkabala na mlango. Kila mgeni aliyeuliza kulikuwa na nini pale, Chiriku ndiye aliyemjibu. Kadiri siku zilivyosonga, majibu yake yalizidi kuwa mafupi.

Jumamosi iliyofuata Shangazi hakuwa na harusi, wakapanda pamoja. Safari hii mkoba ulikuwa mwepesi: kamera ya zamani, lenzi fupi, stendi nyepesi, betri, plastiki na kitambaa. Walifika juu nyasi zikiwa bado na umande. Chiriku alikausha mikono kwenye sketi, akaifuta lenzi kwa kitambaa, akaisimamisha stendi na kuibonyeza ili kuona kama inayumba. Kisha wakasubiri. Jua lilichomoza. Ukungu haukuja. Yalikuja mawingu membamba tu, yaliyojipanga juu ya bonde, na kivuli kirefu cha mti kikalala juu ya nyasi mpaka karibu na miguu yao. Chiriku akabonyeza.

Picha hiyo ilitundikwa kwenye ule msumari siku ya mwisho ya maonyesho. Watu hawakujazana mbele yake. Mama mmoja alisema, "Nzuri," akapita kwenda kuangalia picha ya mto. Chiriku aliumia kidogo, lakini alisimama hapo hapo.

Bwana Mvua alikuja na fimbo yake, akaitazama kwa makini.

"Mawingu haya yalikuwa yanakwenda upande gani?"

Chiriku alifikiri. "Sijui, babu. Sikuangalia."

"Vizuri," alisema mzee, akitikisa kichwa kwa kuridhika. "Jibu kama hilo naweza kulifanyia kazi." Akavuta kiti, akakaa mbele ya picha, akaanza kumweleza namna ya kuusoma upepo kwa kutazama mawingu, na walichukua muda mrefu.

Alipoondoka, Shangazi alimsogelea Chiriku akamshika bega.

"Mwanangu, picha ikiharibika unapiga nyingine. Mimi mwenyewe naharibu nyingi, na hakuna anayejua. Lakini mtu akishakuamini ukamdanganya, huwezi kumwambia, samahani, kaa vilevile nikupige tena. Ndiyo maana uongo hukomeshwa mapema, ukiwa bado mdogo, hata kama watu watakucheka. Ungechelewa siku moja tu, msamaha ungekwenda kuuombea hospitali, kando ya kitanda cha mzee mwenye mguu uliovunjika."

"Nimeelewa, Shangazi."

Mgeni mmoja alisimama mbele ya picha, kijana aliyevaa shati la kazi la fundi magari.

"Hongera, dada. Inaonekana uliamka mapema sana."

"Niliamshwa," alisema Chiriku. "Shangazi alinivuta blanketi."