Makosa ya Farzana

Umeme ulikatika Kilindoni kukiwa na pilikapilika za sikukuu, na kila mwenye simu akakimbilia kibanda cha Chiku, chenye jenereta. Farzana, binti wa Mzee Hussainali mwenye duka, alikuwa amechomeka kompyuta yake pale, baibui lake la zambarau limelowa jasho mgongoni. Mara mkono wa mtu ukachomoa waya wake.

"We kaka, una wazimu? Mimi niko kazini!"

"Simu yangu imezima, dada."

"Na izikwe!"

Watu wakaangua kicheko. Huyo ndiye Zahor, kijana mrefu wa Baleni, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka. Naye, kama Farzana, aliandika programu za kompyuta, na ugomvi ule ndio uliozaa mapenzi. Wakapata kazi pamoja: kuitengenezea hoteli moja ya Utende programu ya kuwapangia wageni safari za kuzamia ndani ya hifadhi ya bahari.

Farzana akamwekea Zahor programu ya bure aliyokuwa akiitumia mwenyewe. Ilipima muda wa kazi, na kila ukikosea uliandika umekosea nini, ili kesho usirudie.

"Huyu ni polisi sasa," Zahor alitania.

"Polisi wako mwenyewe, habibi. Rekodi zangu naziona mimi, zako uzione wewe. Hata nikifa usifungue zangu."

Miezi ikapita kwa raha. Kisha meneja wa hoteli akampigia Farzana.

"Binti, kazi tumempa Zahor peke yake. Wewe unakosea mno. Tumejionea wenyewe."

Farzana akampigia Zahor.

"Umewaonyesha rekodi zangu?"

"Mpenzi, nisikilize. Meneja alisema mwanamke haiwezi kazi hii. Nikataka aone makosa yako yanavyopungua. Akasoma mwezi wa kwanza tu, basi."

"Nani alikuruhusu kufungua?"

"Kompyuta uliniachia..."

"Nilikuachia uichaji, si unipekue! Na kazi ukaikubali?"

"Nilifikiri mmoja wetu akibaki ndani..."

"Usinipigie tena, msaliti mkubwa wewe!"

Zahor akapiga tena, hakupokelewa. Akatuma salamu kupitia kwa Chiku, zikarudi na matusi. Mwishowe akaja dukani mwenyewe, amevaa kanzu na kofia mpya, wateja wamejaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," Mzee Hussainali aliitikia bila kumtazama.

"Kazi nimeiacha. Nimekuja kumwomba Farzana radhi. Akiniridhia, wazee wangu watakuja na posa."

Farzana alikuwa akipima mchele. Hakuinua uso.

"Hoteli wamenirudisha kazini?"

"Hapana."

"Wamefuta waliyoyasema?"

"Hapana."

"Basi umekuja kujitua mzigo wako tu."

"Wallahi, Farzana, makosa yale yalinizidishia mapenzi."

"Yalikuwa yangu!" Akaubamiza mfuko wa mchele mezani. "Wazee wako wasijisumbue. Siolewi na mtu anayenitetea kwa kunivua nguo mbele za watu."

Zahor akageuka, akatoka nje juani.

Mzee Hussainali akasubiri wateja wapungue.

"Bado unampenda, mwanangu."

"Ndiyo, baba," Farzana alisema. "Sana."

Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akamgeukia mama aliyekuwa akingoja sukari.