Shimo Lililoendelea Kusema Hewa Ni Safi

Kipima gesi kilikuwa mezani mbele yangu, kimekufa.

Antena ya redio yake imevunjika. Betri imechomoka. Tope la shimoni bado linadondoka sakafuni. Waokoaji walikitoa pamoja na mwili wa mdogo wangu, na mmoja wao, sijui kwa nini, akaja kuniwekea pale ofisini kama mtu anayerudisha sahani.

Nikainua macho kuangalia kioo cha kompyuta.

Shimo lilelile. Mstari uleule. Rangi ya kijani.

HEWA SAFI.

Nikadhani ni machozi yananidanganya. Nikajifuta, nikatazama tena. Namba ikapanda kidogo, ikashuka kidogo, kama kifua cha mtu aliyelala.

Ndugu zangu mnaosoma hapa... kifaa kilichokufa kilikuwa kinapumua!

Ngoja niwaeleze kazi yetu, maana bila hivyo hamtanielewa.

Niko idara ya maji taka. Mashimo yetu ya pampu yametawanyika, kila moja na mtaa wake. Chini huko kuna gesi isiyoonekana, ukiivuta hupati hata nafasi ya kuita. Kwa hiyo kila shimo limefungwa kipima gesi, na kando yake kisanduku cha redio. Si redio ya muziki. Haitoi sauti. Inatuma namba hewani na kupokea, basi. Ofisini kipo kisanduku kingine kinachozipokea, na mimi kazi yangu ni kukaa mbele ya kioo na kuzisoma.

Aliyezifunga zote ni mume wangu. Kazini wanamwita Mawimbi.

Enzi za uchumba alinifundisha kwa vikombe vya chai.

"Hiki ni shimo, hiki ni ofisi. Lazima viwe kwenye chaneli moja, la sivyo ni kama watu wawili wanaoongea kila mtu chumbani kwake. Halafu kila shimo lina namba yake. Ofisi inaita namba, mwenye namba anajibu."

"Na wakiwa wawili wenye namba moja?"

"Thubutu! Hapo ofisi haijui inaongea na nani. Hicho kitu hakifanywi."

Akacheka. Nilimpenda kwa kicheko kile.

Mdogo wangu alikuwa fundi pampu. Tulimwita Kijiti kwa wembamba wake. Mafundi pampu wana sharti moja: hakuna kushuka ngazi mpaka upige simu kwa anayetazama kioo, yeye akuruhusu.

Asubuhi ile alipiga.

"Dada, shimo linasemaje?"

"Linauliza ulikuwa wapi muda wote huu."

"Liambie nilikuwa nakunywa chai ya shemeji. Hewa je?"

"Safi. Shuka."

"Haya. Nikitoka nakuja kula kwako. Na leo usimwage chumvi kama unahifadhi samaki!"

Hakutoka.

Bosi aliingia ofisini akihema.

"Nani alimruhusu?"

"Mimi."

"Waokoaji wameshuka na mitungi ya hewa mgongoni! Shimo limejaa gesi mpaka mdomoni! Ulikuwa unasoma kioo au unachezea simu?"

"Bosi, tazama mwenyewe. Kifaa hiki hapa mezani. Kioo bado kinasema safi!"

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Akaja polepole, akanishika mabega.

"Kioo kimeganda tu, mke wangu. Twende nyumbani."

Kimeganda...

Namba ilikuwa inacheza. Niliiona. Na yeye aliiona.

Msibani mama hakulia kwa sauti. Aliniita chumbani, akaniuliza akiangalia ukuta.

"Watu wanasema alikuuliza kwanza."

"Ndiyo, mama."

"Ukamjibuje?"

"Nilimwambia ashuke."

Akavuta shuka, akajifunika mpaka usoni.

"Nenda kakae nje na wageni."

Mimi! Mtoto wake wa kwanza, kwenye msiba wa mdogo wangu niliyembeba mgongoni, nikakae na wageni! Nilikaa. Watu walipita wakinisalimia kwa macho ya chini. Shangazi mmoja alisema, na alijua nasikia: "Kazi ya kukaa kwenye kiti nayo ikamshinda."

Mume wangu alikuwa anagawa viti. Alisikia pia. Akapita na viti vyake.

Tulipomaliza kuzika, nilimpigia mwenzangu wa zamu aliyekalia kiti changu. Mimi nilikuwa nimesimamishwa kazi mpaka kamati ya uchunguzi ikae.

"Lile shimo bado kijani?"

"Bado. Na namba inacheza. Dada, mimi naogopa hiki kitu, nimekigeuzia mgongo."

"Namba ikicheza haijaganda, mwenzangu."

"Sasa nani anaituma?"

Swali hilo lilinitoa nyumbani. Nikaenda karakana mchana, mafundi wakiwa wametoka kula. Meza ya mume wangu ninaifahamu kama jiko langu. Bisibisi upande huu, waya upande ule. Juu ya rafu, ovaroli kuukuu imetupwa kama mtu aliyeivua kwa haraka.

Chini ya ovaroli kulikuwa na mwanga mdogo. Unawaka, unazima. Unawaka, unazima.

Kisanduku cha redio. Antena yake fupi imekazwa vizuri. Kando yake kipima gesi kipya, kinang'aa, hakijawahi kuona shimo maishani mwake.

Nikapiga simu tena.

"Usikate. Unaona nini?"

"Kijani, kama kawaida."

Mezani kulikuwa na kiberiti cha gesi. Nikakisogeza karibu na kile kipima, nikakibonyeza bila kukiwasha. Ssssss...

"Na sasa?"

"DADA! Limewaka jekundu! Uko wapi? Umeshuka shimoni? Toka! Toka huko dada, toka!"

Sikuwa shimoni. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mume wangu.

Ndugu zangu, nilichokuwa nasoma kilikuwa hewa ya karakana. Hewa anayoivuta Mawimbi akila mkate wake! Nikaisoma, nikamwambia mdogo wangu ashuke.

Mlango ukalia. Mume wangu. Akaona ovaroli chini, akaona kiberiti mkononi mwangu.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Nisikilize kwanza..."

"Tangu lini, Mawimbi?"

Sijawahi kumwita hivyo nyumbani. Akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa.

"Unyevu wa mle shimoni unakula antena. Kila mara mawasiliano yanakatika, kioo kinakuwa chekundu, pampu inasimamishwa, bosi ananipigia kelele mimi. Nikachukua kisanduku cha akiba, nikakipa namba ya lile shimo, kikawa kinajibu kutoka hapa. Kwa muda tu. Mpaka ipatikane antena mpya."

"Ukanitazama nikisoma uongo kila siku, na jioni unaniuliza kazi ilikuwaje!"

"Sikuwa peke yangu."

"Unasemaje?"

Akatoa simu. Akabonyeza. Sauti ikajaa karakana.

Kijiti. Anacheka!

"Shemejiii! Nimechoka kupanda ngazi kufuta antena kama mtoto wa kazi. Weka ile ya mezani ijibu badala yake, dada anyamaze. Kabla ya kushuka nitakuwa napima mwenyewe kwa kile kipima cha mkononi. Usimwambie lakini, atatuchinja wote wawili!"

Nilishika meza.

"Alijua?" nikauliza. "Kama alijua kioo kinadanganya, mbona alinisikiliza?"

Hapo mume wangu akaanza kulia, na kilio chake kilikuwa kibaya, cha mtu asiyezoea.

"Kwa sababu nilimwambia imepona. Juzi yake alifunga antena mpya. Akanipigia, 'Shemeji, inaonekana?' Nilikuwa ofisini, nikaangalia kioo. Kijani! Nikamwambia, 'Inaonekana, safi kabisa, rudisha kile cha mkononi stoo, wenzako wanakitafuta.' Nikafurahi, nikaenda kula..."

"Na hii ya hapa?"

"Ilikuwa inawaka. Nilisahau kuizima kwanza. Kijani nilichokiona kilikuwa changu mwenyewe."

"Na ya shimoni?"

"Iliungua siku hiyohiyo. Alifungua antena ya zamani bila kuzima kisanduku. Redio ikituma bila antena inajiunguza yenyewe. Nimekifungua, nimeona. Haikutuma hata namba moja tena."

Nje mtu alikuwa anapiga chuma kwa nyundo.

"Msibani," nikasema, "ulinisikia nikitukanwa."

"Nilisikia."

"Ukapita na viti."

Akainama, akaokota ovaroli sakafuni.

"Siku ya kamati utakuja na simu hiyo. Wasikie yote. Yako na yake."

Akaitikia kwa kichwa.

Kamati ilikaa kwenye ukumbi mdogo wa idara. Bosi, wakubwa wawili kutoka juu, mafundi pampu wote kwenye mabenchi ya nyuma. Mama alikuwepo, amekaa mbali na mimi.

Kabla ya kuingia, mume wangu alinivuta pembeni koridoni.

"Nimeifuta ile sauti."

"Umefanya nini?!"

"Mama amebakiwa na nini? Acha abaki na mtoto asiye na kosa. Mimi nitabeba."

Akaingia. Na kweli akabeba. Alisimama wima, akaeleza kisanduku cha mezani, namba, antena, kila kitu. Mwisho akasema:

"Ni mimi peke yangu. Mke wangu alisoma alichoonyeshwa. Marehemu hakujua lolote."

Ukumbi ukanguruma. Mmoja wa wakubwa akauliza kama ana wazimu.

Nikasikia kitu kwenye mkono wangu. Mama! Amehama benchi, amekuja kukaa kando yangu. Kiganja chake kikavu kimeshika changu, anakibana.

"Mwanangu," akanong'ona. "Mwanangu, nisamehe."

Sikuwa nimemsikia akiniita hivyo tangu msiba. Jina langu lilikuwa limesafishwa. Ilibaki ninyamaze tu, twende nyumbani.

Bosi akaniangalia. "Bi dada, una la kuongeza?"

Niwaambie ukweli, nilitaka kusema sina.

Lakini niliangalia nyuma kwenye mabenchi ya mafundi pampu. Walikuwa wamepumua! Wanatazamana, mabega yameshuka, kama watu waliovuka salama. Kosa lilikuwa la Mawimbi. Atafukuzwa, ataletwa fundi redio mwingine, na mwezi ukigeuka mmoja wao atamfuata: "Fundi, hii antena inatusumbua..."

Mume wangu alikuwa amemfungia mama yangu kisanduku cha mezani. Kijani, hewa safi. Na mimi nilikuwa naambiwa nikisome.

Nikasimama. Mkono wa mama bado umo mkononi mwangu.

"Mdogo wangu alijua. Yeye ndiye aliyeomba. Nimemsikia kwa sauti yake mwenyewe."

"Mke wangu..." Mawimbi akaita.

"Aliomba kwa sababu kioo chekundu kilimchosha. Na hapa nyuma yangu kuna watu wanaojua hayo; namjua mdogo wangu, lazima aliwasimulia wakacheka pamoja."

Benchi likalia. Akasimama fundi mkongwe tunayemwita Spana, kofia ameikunja mikononi.

"Na sisi tuliomba," akasema. "Shimo letu la sokoni. Lile nalo linajibiwa kutoka mezani."

Mume wangu akafunika uso.

"Tangu lini?!" Bosi akapiga meza.

"Hilo baadaye, bosi. Kuna mwenzetu mgeni, hajui lolote, anashuka mle saa hizi. Alitoka hapa kamati ilipoanza, na mkoba wake."

Simu zilitoka mifukoni zote kwa pamoja. Ukumbi mzima unapiga namba moja, kwa hiyo haiingii. "Kateni! Kateni nyie, apige mmoja!" Spana akapiga. Ikaita. Ikaita...

"Haloo?"

"Uko wapi?!"

"Nimeshaweka mguu kwenye ngazi, mzee. Nimeulizia ofisini, wamesema hewa safi."

"Panda! Panda juu, usiulize!"

Walipopima lile shimo kwa kifaa cha mkononi, kililia kabla hakijafika nusu ya kamba.

Katika zogo lile nilijikuta nimesimama mikono mitupu. Mama alikuwa ameuachia mkono wangu. Sikuona lini. Nilipogeuka alikuwa anatoka mlangoni, anashika ukuta.

Mume wangu hayupo kazini tena, na mengine yako mikononi mwa polisi. Alihama na begi moja. Sijui kama nitamsamehe, na simwombi mtu ushauri.

Nimerudi kwenye kiti changu. Sasa fundi akifunga redio mpya, visanduku vyote vya akiba vinazimwa na kuletwa juu ya meza yangu, nivione kwa macho, ndipo tunajaribu. Na shimo likikaa kimya, hashuki mtu, hata bosi akipiga kelele mpaka koo likauke. Kama unafanya kazi yenye kioo cha namna hii, nakuomba sana: rangi nyekundu isikuudhi. Mtu asiyejua hewa ikoje anabaki juu. Aliyeambiwa ni safi ndiye anayeshuka. Na nyumbani ni hivyohivyo. Mimi niliolewa na mtu aliyekuwa kijani kila siku, sikuwahi kuuliza namba ile inatoka wapi.

Kijiti alipenda utani, alichukia ngazi, na hakumtakia mtu yeyote mabaya. Naandika ili akumbukwe hivyo pia.

Mama haongei na mimi. Naenda, nafagia uwanja, nachota maji, narudi. Juzi nilimkuta anachambua mchele. Nikaweka ndoo, nikaaga kama kawaida. Nilipofika mlangoni akaniuliza, macho kwenye ungo:

"Huyo aliyekuwa anashuka... ana mama?"

"Anaye."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuchambua.