Bahasha Kutoka Ukumbi wa Pili

Bahasha ilifunguliwa asubuhi mbele ya mashahidi, na ndani yake hamkuwa na jibu hata moja.

Lakiri ilikuwa nzima. Kamba ilikuwa nzima. Sahihi za wasimamizi zilikuwa mahali pake. Lakini vijitabu vya majibu vya darasa zima la mwaka wa mwisho vilikuwa vyeupe pe, jalada hadi jalada. Mkuu wa ofisi ya mitihani, ambaye wanafunzi walimwita Bwana Mitihani, alivipekua vyote, akavipekua tena, kisha akakaa chini na kuomba maji.

Polisi walifika kabla hajamaliza gilasi. Aliyewaongoza alikuwa inspekta mfupi, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa kukata shauri. Kituoni walimbandika jina la Chapchap, kwa kuwa majalada hayakai mezani kwake. Jina hilo alilipenda. Aliona ni sifa.

"Nani alilala na bahasha hii?" aliuliza.

"Kabati, Inspekta. Ilikabidhiwa jana mchana, nikaifungia humu."

"Ufunguo?"

"Ninao mimi. Wa akiba uko kwa mlinzi wa jengo."

"Lakiri mnaweka wapi?"

"Hapo mezani. Na kiberiti chake."

"Kwa hiyo mtu akiingia humu anafungua bahasha, anabadilisha vilivyomo, anaifunga upya."

"Anaweza."

"Nani anafaidika majibu yakipotea?"

Jana, alisema Bwana Mitihani, binti mmoja alikamatwa na karatasi ukumbini. Kanuni inataka mtahiniwa wa namna hiyo aachwe amalize, na karatasi aliyokamatwa nayo ibanwe kwenye kijitabu chake na kufungwa pamoja na vingine kama kidhibiti cha kosa.

"Kidhibiti kikiwepo, anafukuzwa chuo," alisema. "Kisipokuwepo, kamati haina la kusikiliza."

"Na huyo mlinzi mwenye ufunguo?"

"Inspekta, hapo ndipo pagumu. Mlinzi ni mjomba wake. Ndiye aliyemlea."

Inspekta alifunga daftari lake pap. Kwa hesabu zake, kazi ilikuwa imekwisha.

Kwa kutimiza wajibu tu alimwita msimamizi mkuu wa ukumbi ule. Alikuwa mhadhiri wa siku nyingi, mama wa makamo aliyeongoza jopo lililoandika kanuni za mitihani za chuo. Kabla ya kila mtihani alizisoma zote kwa sauti, mpaka wengine wakasinzia. Wanafunzi walimwita Mama Kanuni, lakini si mbele yake.

"Wewe ndiye uliyemkamata binti, Daktari?"

"Ndiye mimi."

"Ulimwona akiitazama karatasi?"

"Nilimwona ameinama, karatasi iko mkononi."

"Bahasha aliifunga nani?"

"Mimi na msaidizi wangu. Sahihi zetu hizo hapo."

Mama Kanuni alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa mtandio, akaivaa. "Mtamfanya nini yule binti?"

"Sheria itafanya kazi yake."

Mama Kanuni alisimama akatoka bila kuaga. Inspekta alidhani ni uchungu wa mwalimu kwa mwanafunzi wake, na hakujisumbua zaidi.

Binti walimkamatia maktaba, vitabu vimetandazwa mbele yake, wenzake wote wakitazama. Alifungwa pingu pale pale. Mjomba, kwa kuwa hukesha kazini, walimkuta amelala nyumbani. Aliomba tu avae shati kwanza. "Nisitoke hivi mbele ya majirani, wanangu," alisema.

Kituoni, Inspekta alianza na binti.

"Karatasi ilikuwa yako?"

"Si yangu. Niliiona chini ya kiti changu, nikaiokota nimpe msimamizi."

"Nyote huwa mnaokota."

"Nimeiokota, afande."

"Mjomba alikubadilishia vijitabu?"

"Mjomba hajui hata kama nilikamatwa. Sikumwambia. Niliona aibu."

"Vijitabu viko wapi?"

"Sijui." Hapo ndipo machozi yalipomtoka. "Afande, kesho asubuhi nina mtihani wa mwisho. Nikiukosa sihitimu. Kanuni haina kurudia, ila uwe mgonjwa au mfiwa."

"Hilo ungelifikiria mapema."

"Nipelekeni na pingu zenu. Nikae na askari pembeni, niandike, mnirudishe."

"Hapa si bweni, binti."

Nami nisimfichie Inspekta: dhamana aliweza kumpa binti. Hakumpa, kwa sababu alitaka aungame kabla jalada halijalala. Tangu lini Chapchap akaacha jalada likalala?

Mjomba hakulia. Alikaa wima kitini, mikono magotini.

"Umelinda mlango ule muda mrefu, mzee."

"Mpaka nimeota mvi."

"Na jana usiku ukaufungua kwa ajili ya mpwa wako."

"Sikuufungua." Kisha akaongeza: "Afande, andika unachotaka, nitatia dole. Mimi niweke ndani. Yeye mwache aende kwenye mtihani."

Inspekta alilipokea hilo kama nusu ya ungamo. Alirudi nyumbani akala, akalala vizuri.

Asubuhi, wataalamu wa alama za vidole walipiga simu. Alama za mlinzi hazikuwa kwenye bahasha wala kwenye vijitabu. Waliomba pia kijitabu kipya kutoka stoo, wakilinganishe na vile vya kwenye bahasha. Inspekta alikwenda kukichukua mwenyewe huku akinung'unika. Bwana Mitihani alimfungulia stoo ya chuo, akampa kimoja kutoka kwenye rundo.

Inspekta alikigeuza, akakigeuza tena.

"Mbona hiki hakina mhuri?"

"Mhuri hupigwa ukumbini, Inspekta. Mtahiniwa akishakaa, msimamizi mkuu anampigia. Ni kuzuia mtu asije na kijitabu alichojaza nyumbani."

"Na mhuri wenyewe hukaa wapi mtihani ukiisha?"

"Unarudishwa pamoja na bahasha. Nautia kwenye kasiki ya chuma. Ufunguo huu hapa shingoni, hata kuoga naoga nao."

Inspekta alitoa mkobani vijitabu vitupu vichache vya kwenye bahasha, alivyobakiza wataalamu walipochukua vingine. Kila kimoja kilikuwa na mhuri wa zambarau: Ukumbi wa Pili, tarehe ya mtihani. Jana mhuri ule aliuona kwa macho yake, akadhani vinachapwa hivyo kiwandani, wala hakuuliza.

"Hivi ni vijitabu vya akiba vya ukumbini," alisema. "Kwa nini vya akiba vipigwe mhuri?"

Bwana Mitihani aliona haya. "Mama Kanuni huvipiga vyote kwa mkupuo kabla watu hawajaingia. Kanuni hairuhusu, lakini nani amwambie yeye? Vinavyobaki huondoka navyo mwenyewe, haviji ofisini."

"Kwa hiyo mlinzi asingeweza kuvipata usiku. Wala asingeweza kuvipiga mhuri."

"Asingeweza."

"Vilibadilishwa ukumbini, kabla bahasha haijafungwa." Inspekta alikwisha toa simu. "Mtihani wa leo umeanza?"

"Umeanza kitambo."

Alipiga kituoni. "Mleteni binti. Na mjomba wake. Bila pingu. Mbio, nasema!"

Walikwenda Ukumbi wa Pili wakikimbia, Bwana Mitihani akihema nyuma. Kwenye ngazi walikutana na kijana wa shati safi, mkoba begani, anashuka. Alikuwa msaidizi wa Mama Kanuni, na mtihani ulikuwa bado unaendelea ndani.

"Wapi na wewe?" Inspekta alimkata njia.

"Natoka mara moja."

"Juzi uliiona bahasha ikifungwa?"

"Sahihi yangu ipo."

"Sikuuliza sahihi."

Kijana aliangalia viatu vyake. "Nilitia sahihi kabla. Nilipeleka ofisini ripoti ya yule binti, nikaenda zangu. Nina vipindi chuo kingine. Ndivyo tunavyofanya, Inspekta. Leo Daktari ananifichia, kesho mimi namfichia. Hakuna kilichowahi kuharibika."

"Rudi ndani ukasimamie."

Mama Kanuni alikuwa amesimama mlangoni. Alipomwona Inspekta aliinua mkono. "Mtihani unaendelea. Asiye mtahiniwa haingii."

"Basi toka wewe, Daktari."

Alitoka barazani, akaacha mlango wazi nusu. Kutoka pale mtu aliona safu zote za viti, vichwa vimeinama, na katikati kiti kitupu ambacho karatasi yake ya maswali haijaguswa. Mama Kanuni alisimama akikipa mgongo.

"Vijitabu viko wapi?" Inspekta aliuliza.

Mama Kanuni hakuuliza vijitabu gani. "Nyumbani kwangu. Ndani ya sanduku la nguo."

"Mbona hukuvichoma?"

"Niliwasha jiko. Nikachukua cha juu. Mtoto wa watu ameandika mpaka pambizoni. Sikuweza."

"Ile karatasi ilikuwa ya nani?"

"Yangu."

Aliyasema mengine kwa sauti ile ile ya kusomea kanuni, polepole, bila kuruka neno. "Ni mwongozo wangu wa kusahihishia. Ni marufuku kuingia nao ukumbini, na marufuku hiyo niliiandika mimi. Nilikuwa nao ndani ya jalada la kanuni. Nikipita kati ya viti, ukaanguka. Nilipogeuka nikamwona ameinama, ameshika karatasi iliyokunjwa. Sikuifunua. Sikumwuliza. Nilipandwa na hasira, nikaandika ripoti pale pale, nikampa msaidizi aipeleke. Watu walipokwisha toka nikautafuta mwongozo jaladani, haumo. Ndipo nikaifunua ile karatasi. Nikaona mwandiko wangu."

"Ungekwenda ofisini ukasema."

"Ningekwenda. Ni kuvuka ua tu."

"Sasa?"

"Nimefukuzisha watu, Inspekta, kwa vitu vidogo kuliko hicho. Kuna kijana alikuwa na tarehe mbili tu kiganjani. Alinipigia magoti. Nikamwambia kanuni haina macho. Ningesimama vipi mbele ya kamati ile ile niseme nimeteleza, nionewe huruma?"

"Si ungeondoa karatasi peke yake?"

"Ripoti inasema imebanwa kwenye kijitabu chake. Ikikosekana hiyo tu, ataulizwa aliyefunga bahasha. Vikipotea vyote, italaumiwa ofisi. Darasa litarudia mtihani, na binti atasalimika. Nilijidanganya kwamba namwokoa na yeye."

"Jana ulikaa mbele yangu. Ukaniuliza nitamfanya nini."

"Nilikuja kusema." Sauti ilianza kumpasuka. "Nikakukuta umeshakata shauri. Nikashukuru. Mungu anisamehe, Inspekta, nilishukuru."

Inspekta alikuwa na swali jingine. Likampotea. Na yeye jana alishukuru, kwa kesi iliyoisha kabla ya chai ya saa nne. Aliona haya mpaka akashindwa kumtazama mtu aliyekuwa akimhoji.

Gari la polisi lilisimama chini ya ngazi. Binti aliruka kabla halijatulia, gauni limejikunja kwa kulala sakafuni, akapanda mbio. Mjomba alimfuata akiburuta miguu. Mlangoni binti alikumbana na Bwana Mitihani.

"Siwezi kukuingiza, binti," alisema, na ilionekana kweli inamuuma. "Nusu saa ya kwanza imepita. Kuna waliokwisha maliza wakatoka na maswali. Ukiingia sasa, mtihani wa wote unabatilika."

"Mwache aingie," alisema Mama Kanuni.

"Daktari, kanuni hii unaijua kuliko mimi."

Inspekta aliingilia. "Kuna mtihani maalumu, sivyo?"

"Kwa mgonjwa mwenye cheti cha daktari. Na kwa aliyefiwa."

"Na aliyefungwa bila kosa?"

Bwana Mitihani alimgeukia Mama Kanuni.

"Lilipendekezwa," alisema Mama Kanuni. "Nilikataa mimi. Nilisema mtu hafungwi bure."

Ndani ya ukumbi mtu alikohoa, kalamu zikaendelea kukwaruza. Mama Kanuni alimsogelea binti. "Mwanangu, ile karatasi ilikuwa yangu."

"Najua."

"Unajua?"

"Niliifunua kidogo nijue ni ya nani. Mwandiko wako nauona ubaoni kila siku. Ndiyo maana nilitaka kukuletea."

"Mbona hukusema?" Inspekta alimaka. "Mbona hukuniambia mimi?"

Binti alimtazama, kisha akamtazama mwalimu wake. Hakupandisha sauti. "Nilisema nimeiokota. Hilo dogo mlikataa kulisikia, yeye na wewe. Mngelisikia hilo kubwa?"

Mjomba alifika juu, akavua koti lake kuukuu na kumfunika mpwa wake mabegani, ingawa jua lilikuwa linawaka.

"Hiyo kamati," binti alimwuliza Bwana Mitihani, "haiwezi kuamua hata nje ya hayo mawili?"

"Inaweza ikitaka. Haijawahi kutaka. Inakaa wiki ijayo. Inspekta akiandika barua ya maelezo, labda..."

"Barua sitaki." Aliwageukia Inspekta na Mama Kanuni. "Nataka mje wenyewe. Mkae kwenye kile kiti wanachokalishwa watuhumiwa, mseme mlichonifanyia, mmoja mmoja. Na mimi niwepo nikiwasikia."

"Nitakuja," Inspekta alisema.

"Na mimi," alisema Mama Kanuni. "Hata kama ni kwa pingu."

Binti alimshika mjomba wake mkono, wakashuka ngazi polepole. Wale wawili walibaki barazani, na hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake.