Baka Lisilowasha

Kama kuna mtu aliyeyajua madoa, basi ni Baba Chiriku. Kutu, wino, chai, damu, mafuta ya cheni ya baiskeli, kila doa alilijulia dawa yake. Alikuwa dobi, na wateja walimtania kwa kumwita Daktari wa Madoa. Alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Duka lao lilikuwa chumba kimoja kilichotazama barabara. Nyuma kulikuwa na ua wenye karo la kufulia na kamba za kuanikia. Baba Chiriku alifua huko uani. Mkewe, Mama Chiriku, alipiga pasi ndani, karibu na mlango, apate hewa kidogo. Binti yao mdogo aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Alikaa chini ya meza ya pasi, akipanga vifungo vilivyodondoka na kuuliza maswali. Kwa nini mashati hayana miguu? Kwa nini mvuke hauna rangi? Mama yake alimjibu huku pasi ikienda na kurudi.

Siku moja Mama Chiriku aliona baka kwenye mkono wake wa kulia, chini kidogo ya kiwiko. Ngozi ya hapo ilikuwa imepauka. Baka lenyewe lilikuwa dogo tu, kama kifungo cha koti. Halikuuma wala halikuwasha. Akamwonyesha mumewe.

Baba Chiriku aliugeuzageuza mkono ule mwangani, kama anavyokagua kola ya shati. Kisha akatoa hukumu. Hiyo ni dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, alisema, imekurukia. Ikirukia shati la bluu huacha alama kama hiyo hiyo. Akausuuza mkono kwa maji mengi, akampiga mkewe marufuku kuigusa chupa ya dawa, akasema wasubiri. Ngozi si kitambaa, rangi yake hurudi yenyewe. Na kwa kuwa haliumi, kulikuwa na haja gani ya kwenda kupanga foleni hospitali? Alikuwa daktari kweli, ila wa mashati.

Walisubiri. Rangi haikurudi. Baka likatanuka taratibu, miezi ikapita, likafika ukubwa wa kiganja cha mtoto. Vinyweleo vya hapo vikapukutika. Joto la pasi lilipozidi, mkono mzima ulilowa jasho, lakini baka lilibaki kavu. Mama Chiriku aliyaona yote hayo na akanyamaza. Akaanza kuvaa mikono mirefu. Alijifariji kwamba ugonjwa ni ule unaouma, na huu haukumuuma hata kidogo.

Mpaka siku ya shati la bwana harusi.

Lilikuwa shati jeupe, jipya, la kuvaliwa kesho yake. Mama Chiriku alikuwa amekunja mikono ya gauni kwa sababu ya joto. Alimaliza mgongo wa shati, akasimamisha pasi pembeni, akainama kunyoosha kola. Ghafla akasikia harufu ya kuungua. Alilinyanyua shati, akaligeuza mbele na nyuma, akatafuta alama ya moto. Shati lilikuwa safi kabisa.

"Mama," Chiriku alisema kutoka chini ya meza. "Mkono wako."

Mkono wake ulikuwa umeegemea pasi. Ngozi ilikuwa imeshika kwenye chuma. Alipouondoa, malengelenge yalikuwa yameshaanza kuinuka juu ya lile baka. Naye hakuwa amesikia kitu.

Hapo ndipo woga ulipomwingia, na ulimwingia mzima mzima. Hakuogopa kidonda. Aliogopa kwa sababu alikumbuka. Alipokuwa mdogo, nyuma ya nyumba ya bibi yake kulikuwa na chumba ambacho watoto walikatazwa kukikaribia. Ndani yake aliishi kaka wa bibi. Chakula chake kiliachwa kizingitini, kisha aliyekileta aliondoka mbio. Vidole vya mzee yule vilikuwa vimekatika. Siku moja mtoto mmoja aliuliza anaumwa nini, akapigwa kofi. Lakini neno lilikuwa limeshasemwa mahali fulani, na Mama Chiriku alikuwa amelisikia. Ukoma.

Hakumwambia mumewe. Mumewe aliona kidonda tu, akakifunga kwa kitambaa safi, akamsifu kwa uvumilivu. Mama Chiriku akaanza mambo yake ya siri. Alitenga kikombe chake. Alitenga sahani yake. Chiriku, aliyezoea kulala amejibana kwenye ubavu wa mama yake, akahamishiwa kwenye mkeka wa peke yake. Mtoto alipokuja kumkumbatia, mama alisogea. Alisema amechoka. Alisema ana joto. Chiriku akapunguza maswali, kisha akaacha kabisa kuuliza. Alikaa chini ya meza akiwa kimya, na kimya hicho kilimuuma mama yake kuliko moto wowote. Lakini afanye nini? Aliamini kwamba kila akimgusa mwanawe anamwambukiza. Aliamini pia kwamba siku watu wakijua, atatafutiwa chumba cha nyuma.

Kulikuwa na nesi wa zahanati ya jirani ambaye alileta makoti yake kufuliwa hapo. Siku moja alikuja kuyachukua, akaona kile kitambaa kwenye mkono wa Mama Chiriku. Akauliza kumetokea nini. Kabla mwenyewe hajafungua mdomo, mumewe alidakia kutoka mlango wa uani.

"Pasi, nesi. Na hakulia hata chozi moja. Huyu mwanamke ana moyo wa chuma."

Alisema kwa majigambo, akitarajia nesi acheke. Nesi hakucheka. Aliweka makoti yake juu ya meza.

"Mama Chiriku, hukulia kwa kuwa ulijikaza, au hukusikia maumivu?"

Mama Chiriku alitazama chini. Alitamani kudanganya, na uongo ulikuwa tayari mdomoni, lakini mtoto alikuwa hapo anamtazama.

"Sikusikia," alisema.

Nesi aliomba kuona. Kitambaa kilifunguliwa. Aliangalia kidonda, kisha akaangalia zaidi ngozi iliyopauka kukizunguka. Aliuliza kama lile baka linawasha. Aliuliza limekuwapo tangu lini. Hakurudi nyuma wala hakufuta mikono yake. Alisema waje wote watatu zahanati kesho asubuhi.

"Naogopa," Mama Chiriku alinong'ona.

"Njoo na huo woga wako," nesi alisema. "Ukingoja uishe kwanza, utakuzuia mlangoni."

Asubuhi ile Mama Chiriku alitoka nao. Alitembea nyuma ya mumewe na mwanawe, mbali kidogo nao. Mara mbili alisimama akitaka kugeuza. Mara zote mbili Baba Chiriku alirudi, akasimama naye mpaka akaendelea. Yeye mwenyewe siku hiyo hakuwa na hukumu yoyote ya kutoa.

Chumba cha nesi kilikuwa na kitanda, meza na dirisha kubwa. Mganga wa zahanati alikuwapo pia. Alichukua kipande cha pamba, akakisokota ncha yake hadi ikawa nyembamba. Akamgusa nacho Mama Chiriku kwenye shavu ajue mguso wake ulivyo, kisha akamwomba afumbe macho.

"Kila nikikugusa, nionyeshe kwa kidole nilipogusa."

Mama Chiriku alifumba macho. Akasikia mguso mdogo begani, akaonyesha. Akasikia mwingine kwenye kiganja, akaonyesha. Kisha hakusikia mguso mwingine. Alisubiri. Alidhani mganga amesimama kuandika.

"Umeanza tena?" aliuliza.

Alipofumbua macho alimwona mumewe ameziba mdomo kwa mkono. Pamba ilikuwa juu ya baka, pembeni ya kidonda. Alikuwa ameguswa hapo mara kadhaa na hakujua.

Mganga alimpapasa mshipa wa fahamu kwenye kiwiko, akamwomba akunje na kukunjua vidole, akamwangalia macho na nyayo. Kisha akasema bila kuzungukazunguka.

"Ni ukoma, mama. Umeanza, haujaenda mbali. Na unatibika, utapona."

Baada ya neno la kwanza Mama Chiriku hakusikia lolote. Alikiona kile chumba cha nyuma. Akaanza kulia, na katika kilio hicho akayatoa yote, kikombe, sahani, mkeka, na mzee wa nyumba ya bibi.

Nesi alivuta kiti, akakaa karibu naye, magoti yakigusana. Alimweleza polepole, kama mtu anayefumua uzi uliojifunga. Mzee yule aliumwa zamani, kabla ya dawa kupatikana, au alifichwa asizipate. Vidole haviliwi na ukoma kama watu wanavyodhani. Vijidudu huua mishipa ya fahamu, mtu akawa hasikii moto wala mwiba, akaumia na kuumia tena mpaka viungo vikaharibika. Leo kuna vidonge, na zahanati inavitoa bure. Yeye atavimeza miezi sita bila kuruka siku, hata baka likianza kufifia. Mkojo unaweza kuwa mwekundu, asishtuke, ni rangi ya dawa. Lakini akiona uvimbe mpya, au mkono ukiuma na kulegea, arudi siku hiyo hiyo.

"Na nguo za watu?" Baba Chiriku aliuliza.

Nesi alisema ukoma hauambukizwi kwa nguo, wala sahani, wala kushikana mikono. Huenda kwa njia ya hewa, kutoka kwa mgonjwa asiyetibiwa, kwa watu wanaokaa naye karibu muda mrefu, na hata hao wengi hawaupati. Mgonjwa akishaanza dawa, haambukizi tena.

Baba Chiriku alikiri kwamba yeye ndiye aliyesema ni dawa ya nguo, na kwamba lisilouma si la kuhangaikia.

"Lingekuwa la fangasi, lingewasha na kupukutika magamba," mganga alisema. "Baka lililopauka au jekundu, lisilowasha, lisilosikia mguso, hilo ndilo la kukimbiza hospitali. Kutouma kwake ndiyo dalili."

Kisha wakampima Chiriku. Wakamvua gauni, wakamtazama mgongo, mapaja, masikio, kila mahali. Mama yake aliangalia ukutani. Maisha yake yote yalikuwa mikononi mwa wale watu wawili, na alisubiri huku ameng'ata kitambaa chake.

"Mtoto ni mzima," nesi alisema. "Yeye na baba yake watapata dawa ya kinga. Haya, mama, mbebe mwanao."

Mama Chiriku hakusogea.

"Mbebe," nesi alirudia. Akamnyanyua Chiriku mwenyewe, akamweka mapajani mwa mama yake. Mtoto alikaa wima kwanza, kama mgeni. Kisha akajilaza.

Vidonge vilimezwa vyote. Baba Chiriku ndiye aliyekuwa akileta maji kila siku, na alisimama hapo mpaka kidonge kishuke. Kidonda cha moto kilipona. Baka halikutanuka tena, na rangi ikaanza kurudi kutoka pembeni. Mama Chiriku alijifunza kuuangalia mkono wake kila jioni, na alivaa kitambaa kinene alipopiga pasi.

Siku ya kumaliza dawa walirudi zahanati. Mganga akasokota pamba. Chiriku, ambaye maswali yake yalikuwa yamerudi yote na ya ziada, aliomba kushika pamba yeye. Wakamruhusu.

Mama alifumba macho. Mtoto akamgusa bega, mama akaonyesha. Akamgusa ukingo wa baka, mama akasita, kisha akaonyesha. Nesi akatabasamu. Chiriku akagusa katikati.

"Hapa je, mama?"

"Wapi?"

"Hapa."

Mama Chiriku alijikaza atafute ule mguso. Haukuwapo. Mganga akamwambia ukweli, kwamba pale katikati hisia huenda zisirudi tena, kwa sababu walichelewa. Ugonjwa umekwisha, lakini pale patahitaji kulindwa siku zote.

Chiriku alifikiri kidogo. Akaweka pamba chini, akapafunika mahali pale kwa kiganja chake.

"Basi hapa nitakuwa nasikia mimi," alisema.