Mashine Iliyonyamazishwa

Kila asubuhi, kabla hajashika njia ya shule, Mumbe alimwona baba yake akiizunguka mashine. Nyumba yao ilikuwa nje kidogo ya mji wa Mwatate, imepakana na ua wa mgodi wa vito, na dirisha la jikoni lilitazama pale pale eskaveta hiyo ya kuchimbia udongo ilipoegeshwa. Baba yake, Kituku, hakukubali kuipanda mashine hiyo kabla ya kuikagua. Aliinama kutazama kama kuna oili iliyovuja. Aligonga meno ya ndoo kwa nyundo asikie kama kuna lililolegea, akatia grisi kwenye viungo vya ule mkono mrefu, akang'oa mawe yaliyonasa kwenye minyororo ya kutembelea, halafu akapangusa vioo. Waendeshaji wenzake walimcheka, wakasema Kituku anaiogesha mashine kuliko anavyojiogesha mwenyewe. Aliwaacha waseme.

Mwisho kabisa alikagua king'ora. Nyuma ya eskaveta kulikuwa na kisanduku kidogo kilicholia chenyewe kila mashine iliposogea: tii, tii, tii. Siku kisipolia, Kituku alikaa chini na kukataa kufanya kazi mpaka Fundi Muinde, aliyetunza mitambo yote ya mgodi, aje akitengeneze.

Alikuwa na sababu. Nyuma ya mashine walikuwako akina mama wa hapo kijijini na chekeche zao. Uongozi wa mgodi uliwaruhusu kuchekecha udongo uliokwisha kumwagwa, maana wakati mwingine vipande vya vito vya kijani viliwaponyoka wachimbaji. Mtu anayetafuta jiwe dogo kama punje ya mtama hainui kichwa. Akina mama hao waliijua mashine kwa masikio tu. Ikilia, walibeba ndoo zao wakasogea. Ikinyamaza, walirudi wakachutama tena. Mmoja wao alikuwa Mama Cynthia, mjane aliyeteremka kutoka Mwanda baada ya shamba lake la mlimani kushindwa kuwalisha. Binti yake, Cynthia, alikaa dawati moja na Mumbe.

Ubaya wenyewe ulianza na jambo dogo, dogo hata inakera kulisimulia. Mumbe alikuwa Gredi ya Tisa, na mtihani wa taifa ulikuwa umekaribia. Matokeo ya majaribio yalipotoka, hesabu ilikuwa imemwangusha vibaya. Ukweli ni kwamba simu ya mama yake ilikuwa imekula muda wake mwingi, lakini simu hailii tii tii, kwa hiyo lawama ikapelekwa kwa eskaveta. Mumbe alisema hawezi kusoma katika nyumba hiyo. Alisema kelele inamwingia kichwani hata akiziba masikio. Alilia, akasusa chakula, akamwambia baba yake kwamba akianguka mtihani wasimuulize.

Kituku alimjibu kwamba kelele hiyo ni ya kazi na haina mjadala. Lakini yeye mwenyewe aliacha shule darasa la saba kwa kukosa wa kumsomesha, na kitu alichotaka kuliko vyote hapa duniani ni kumwona binti yake katika sare ya sekondari nzuri. Mtoto alipolia siku ya pili, moyo wake ulilainika. Jioni hiyo, mama Mumbe akiwa nje anaanua nguo, alimwinamia binti yake.

"Nimechomoa waya wa king'ora," alisema. "Mpaka umalize mtihani tu. Usimwambie mtu, hata mama yako."

"Na wale akina mama wa chekeche?"

"Nitakuwa naangalia vioo. Na honi si iko?"

Mumbe alifurahi, na hakuna haja ya kumfichia hilo. Alisoma vizuri wiki hiyo. Hata akina mama wenyewe waliupenda ule utulivu. Waligundua kwamba mashine hailii, wakasema afadhali, angalau leo mtu anaweza kupiga soga na mwenzake bila kupayuka. Hakuna aliyemuuliza Kituku kulikoni. Walidhani mtu aliyeizunguka mashine vile kila asubuhi hawezi kupitiwa na jambo.

Siku za kwanza Kituku alipiga honi kwa mkono kila aliporudi nyuma. Baadaye alipiga mara moja moja. Kufikia Jumamosi alikuwa amesahau. Upepo ulikuwa umetimua vumbi likafunika vioo vyote, na lori lililongoja kupakiwa lilikuwa likimpigia honi afanye haraka. Alirudisha mashine nyuma. Mama Cynthia alikuwa amechutama, ameona kitu cha kijani mchangani, anakifukua kwa kidole.

Mumbe alikuwa mezani na kitabu cha hesabu aliposikia mayowe. Alikimbia mpaka uani, akashika waya wa ua. Alimwona baba yake ameshuka, amejishika kichwa kwa mikono miwili. Aliwaona akina mama wakichimbua udongo kwa vidole ili kumtoa mwenzao, na mguu mmoja ukiwa chini ya mnyororo. Alibaki pale mpaka gari lilipoondoka kwenda hospitali, Voi. Huko madaktari walijaribu walivyoweza, wakaukata mguu chini ya goti.

Jumatatu meneja wa mgodi aliita watu wote. Mashine ilikuwa imekaguliwa na waya wa king'ora ukakutwa umechomoka. Fundi Muinde ndiye aliyeifanyia huduma wiki hiyo hiyo, kwa hiyo watu wote wakamgeukia. Aliapa kwamba alipoiacha mashine ilikuwa ikilia. Meneja akamuuliza Kituku kama hakutambua kwamba king'ora kimekufa. Kituku akajibu kwamba ndani ya kibanda, dirisha likiwa limefungwa na injini inanguruma, mtu hasikii kitu. Alisema alidhani fundi ameacha kila kitu kiko sawa. Muinde akafukuzwa kazi kabla ya saa ya chakula.

Kijiji nacho hakikumwonea huruma. Watu waliacha kumpa Muinde salamu. Mwanawe Hillary, kijana wa Gredi ya Saba, alikataliwa kuingia kwenye mpira wakati wa mapumziko, na mtu fulani akaandika kwa mkaa kwenye lango lao maneno ambayo hayafai kurudiwa hapa. Cynthia alirudi shuleni macho yamevimba. Alimwambia Mumbe kwamba kila usiku anamwombea Muinde mabaya, na kama hiyo ni dhambi basi iwe dhambi. Mumbe aliinamia daftari lake na kujifanya anatafuta kalamu.

Jioni hiyo alimfuata baba yake nyuma ya nyumba, akamwambia hawezi tena kunyamaza.

"Unataka nifungwe?" Kituku aliuliza. "Nilifanya kwa ajili ya nani? Si kwa ajili yako?"

Ni neno baya kumwambia mtoto, na Kituku alilijua hata kabla halijamtoka vizuri. Aliangalia pembeni. Lakini neno lenyewe lilikuwa kweli, na Mumbe akaingia ndani. Alilala na njaa, na safari hii hakuwa anasusa.

Jumapili baada ya kanisa, Cynthia alimwomba amsindikize kwenda kumwona mama yake. Walimkuta amelala kando ya dirisha, shuka imeinuka upande mmoja na upande wa pili imelala bapa. Aliwashukuru kwa kuja, akauliza habari za shule. Cynthia alipotoka kwenda kutafuta maji ya moto ya chai, Mumbe aliona kwamba asiposema wakati huo hatasema kamwe.

"Si Fundi Muinde," alisema. "Baba ndiye alichomoa waya. Nilimwomba mimi. Nilitaka kusoma."

Mama Cynthia alimtazama kama mtu anayesomewa barua kwa lugha asiyoijua.

"Ulikuwa unasoma nini?" aliuliza.

"Hesabu."

Mama Cynthia aligeuza uso ukutani. Mumbe alisimama pale, machozi yanamtiririka, hajui kama aondoke au abaki. Angependa atukanwe. Matusi yangekuwa mepesi kuliko kile kisogo.

"Muinde ana watoto," Mama Cynthia alisema bila kugeuka. "Mimi sina mguu wa kwenda kumwambia meneja. Wewe unayo miwili."

Mumbe alifika nyumbani akamkuta baba yake na mama yake wameketi. Alisimulia yote mbele yao wote wawili, kisha akasema kwamba asubuhi ataenda ofisini kwa meneja, iwe wataenda pamoja au ataenda peke yake. Mama yake, aliyekuwa hajui lolote, alimtazama mumewe. Asubuhi Kituku alioga, akavaa shati lake la kanisani, wakaenda.

Kituku alisema mwenyewe. Sifa hiyo lazima apewe. Aliomba Muinde aitwe, na akina mama wa chekeche waitwe pia, akasimama mbele yao akaeleza siku aliyochomoa waya na kwa nini, na jinsi alivyomwachia mtu mwingine aubebe mzigo wake. Hakutaja machozi ya binti yake. Alisema ni yeye.

Alifutwa kazi, cheti chake cha kuendesha mitambo kikachukuliwa, na polisi wakaandika maelezo yake kwa ajili ya kesi. Muinde alirudishwa kazini, na meneja akamwomba radhi hadharani. Muinde aliipokea radhi ya meneja. Mkono wa Kituku hakuupokea. Tangu siku hiyo kamba ikafungwa kutenga mahali pa kuchekecha, akawekwa mtu wa bendera wa kumwongoza mwendeshaji, na ikawa amri kwamba mashine haianzi kazi mpaka akina mama wenyewe wakisikie king'ora na kukubali. Tatizo likawa limetatuliwa, kama watu wanavyopenda kusema. Mguu haukurudi.

Mumbe alifanya mtihani wake. Alipita hesabu, na hakuna mtu nyumbani kwao aliyeweza kushangilia.

Jumamosi moja Kituku, ambaye sasa alikuwa kibarua wa kukata mkonge huku akisubiri kesi, alikwenda na binti yake nyumbani kwa Mama Cynthia. Mumbe alibeba mtungi wa maji. Mama Cynthia alikuwa ameketi mlangoni, magongo yameegemezwa ukutani. Kituku alianza kuomba msamaha, akaeleza habari za vumbi na vioo, akasema alikuwa anamfikiria mtoto tu. Mama Cynthia alimkatiza.

"Kituku, nimekuona ukiizunguka ile mashine miaka mingi. Grisi na oili ni mambo ya mashine. Ukiyapuuza, kinachoharibika ni chuma, na chuma kinanunuliwa. Lakini ule mlio haukuwa wa mashine. Haukuwa wako, wala wa huyu mtoto. Ulikuwa wetu sisi tulioinama. Kitu kinachomlinda mwenzako usikizime kwa sababu kinakusumbua wewe. Hata kiwe kinakuudhi namna gani, kina mwenyewe."

Kituku alikubali kwa kichwa. Mama Cynthia akamgeukia Mumbe.

"Wewe umesema ukweli. Umeusema umechelewa, lakini umeusema, na leo Muinde anakula jasho lake. Ulishike hilo. Siku nyingine usingoje mtu alazwe hospitali ndipo ufungue mdomo."

Mumbe aliuliza kwa sauti ndogo kama wamesamehewa.

"Bado," alisema Mama Cynthia. "Siku ikifika nitakwambia mwenyewe, sitamtuma mtu. Sasa peleka hayo maji ndani, mwenzako anapika."

Mumbe aliinua mtungi akaingia. Cynthia alisogea kidogo karibu na meko, akampisha apite, akaendelea kukoroga sufuria bila kumtazama.